Homa ya Newala na Chanjo Zake

Uwanda usio na mto

Uwanda wa juu wa Makonde hauna mto hata mmoja. Mvua ya masika huanguka kwa wingi juu ya Newala, lakini mchanga wake huyanywa maji yote mara yanapogusa ardhi, nayo hayaonekani tena ila chini kabisa, kwenye miguu ya magenge, yanakochimbuka kwa chemchemi katika mabonde yanayoelekea Ruvuma. Kwa hiyo tangu zamani, aliyetaka kupika ugali au kunawa uso ilimlazimu ashuke genge, ajaze mtungi wake na apande nao kichwani, na maji yaliyopatikana kwa taabu ya namna hiyo hayakumwagwa ovyo, bali yaliwekwa nyumbani na kutumiwa kidogo kidogo kwa siku nyingi.

Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906 akichunguza mila za wenyeji, aliandika masimulizi ya Wamakonde ya kwamba mababu zao waliusiwa wajenge juu na wajiepushe na mabonde na maji makubwa, kwa kuwa huko ndiko kwenye maradhi na mauti. Wasia huo ulikuwa na hekima ndani yake, maana mabonde ya Ruvuma yana homa nyingi. Na juu ya hekima hiyo ikazidi haja ya usalama, kwani katika karne ya 19 nchi ile ilikuwa ikipitiwa na misafara ya watumwa na kushambuliwa na Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara. Masasi, ambako Askofu Edward Steere aliweka makazi ya watumwa waliokombolewa mwaka 1876, ilivamiwa na Magwangwara mwaka 1882, na padre wake, Chauncy Maples, akahamishia makao ya misheni Newala, karibu na mfalme Matola wa Wayao. Uwanda wa juu ulikuwa ngome, na gharama ya ngome hiyo ilikuwa maji. Yeyote anayetaka kufahamu kwa nini homa moja ilitambuliwa kwanza hapo, badala ya mahali pengine popote duniani, aanze na gharama hiyo.

Kidinga pepo, 1823 hadi 1872

Maradhi yenyewe hayakuzaliwa Newala. Mwaka 1870 mji wa Unguja ulishikwa na homa ambayo Waswahili waliiita kidinga pepo, na tabibu Mskoti, James Christie, aliyekuwa akitibu mjini humo, aliieleza kwa uangalifu mkubwa: mtu alikuwa mzima asubuhi, akashikwa ghafula, kiungo kimoja kikaanza kuuma kisha vyote, akashindwa kukunjua vidole wala magoti, ngozi ikatoka vipele, homa ikamwacha baada ya siku chache, lakini maumivu ya viungo yakabaki, mara nyingine kwa majuma mengi. Waliokufa walikuwa wachache mno. Wazee wa mji walimwambia Christie kwamba homa hiyo haikuwa ngeni, kwani iliwahi kupita yapata mwaka 1823. Kutoka pwani yetu maradhi yalisafiri na vyombo hadi Aden, na katika miaka ya 1871 na 1872 yakaenea Bara Hindi.

Matabibu wa zama zile waliihesabu homa hiyo kuwa dengi, na kwa muda wa karne nzima vitabu vikaendelea kusema hivyo, mpaka mwaka 1971 mtaalamu Donald Carey alipozisoma upya taarifa za Christie na za wenzake wa Hindi, akatoa hoja ya kwamba maumivu ya viungo yanayodumu baada ya homa kutoka si tabia ya dengi, bali ni alama ya maradhi mengine, yale yale yaliyokuja kutambuliwa Newala. Damu ya wagonjwa wa 1870 haikuhifadhiwa, kwa hiyo hapana maabara itakayokata shauri hili. Hata hivyo mimi naiona hoja ya Carey kuwa yenye nguvu, hasa ninapokumbuka kuwa majahazi na meli za zama hizo zilibeba maji ya kunywa ndani ya mapipa ya mbao, na kuwa mbu anayehusika huzaa katika maji ya namna hiyo kwa raha kamili, akavuka bahari pamoja na mabaharia anaowauma.

Newala na Masasi, 1952 na 1953

Serikali ya Uingereza ilikuwa imetoka tu katika mradi wa karanga, ulioanzishwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ambao shamba lake la kusini lilikuwa Nachingwea, si mbali na Masasi, na ambao kwa jumla ulimeza zaidi ya pauni milioni 30, ilhali watu wa uwanda wa juu waliendelea kushuka magenge kutafuta maji. Katika hali hiyo, mwaka 1952, vijiji vya Newala na vya Masasi vilianza kuanguka kimoja baada ya kingine. Familia nzima zililala kwa siku moja. Mtu aliyekuwa shambani alirudi akichechemea au alirudishwa kwa kubebwa, na wengine walishindwa hata kugeuka kitandani bila ya kusaidiwa. Wamakonde wakaiita homa hiyo chikungunya, kwa jinsi ilivyomkunja mtu.

Daktari Marion Robinson ndiye aliyeandika dalili zake, na taarifa yake, iliyochapishwa mwaka 1955, inafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa utabibu kwa ajili ya usafi wa macho yake: homa kali ya ghafula, viungo vinavyouma kupita kiasi, ukurutu unaowasha baada ya siku kadhaa, na maumivu yanayorudi kwa vipindi, kwa baadhi ya watu hata miezi minne baada ya kupona. Upande wa pili wa uchunguzi ulifanywa na W. H. R. Lumsden, aliyetoka katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika ya Mashariki huko Entebbe, naye hakuanza na mgonjwa bali alianza na nyumba. Aliona kwamba maradhi yalishika sana mahali palipowekwa maji majumbani, na kwamba ndani ya vyombo hivyo mlijaa viluwiluwi wa mbu aitwaye Aedes aegypti.

Mbu huyu anastahili maelezo. Hataki mto wala dimbwi la tope. Hutaga mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo yaweza kukaa makavu kwa miezi mingi, yakisubiri chombo kijazwe tena ndipo yaanguliwe. Huuma mchana, hupumzika ndani ya nyumba penye kiza, na haruki mbali. Kwa hiyo mtungi unaojazwa juu ya maji ya jana, pasipo kusuguliwa kuta zake, humlea mbu kizazi baada ya kizazi, na mwenye nyumba, ambaye kwake kumwaga maji ya mtungi ni kumwaga kazi ya nusu siku ya mama au ya binti, hawezi kulaumiwa kwa kutousugua kila juma. Watu walikuwa wamekimbia homa ya mabonde kwa kufuata wasia wa mababu. Homa hii nyingine waliipandisha wenyewe bila ya kujua, kwa kupandisha maji.

Entebbe na jamaa za virusi

Taasisi ya Entebbe ilikuwa imeanzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Rockefeller Foundation ili kuchunguza homa ya manjano, na katika kuitafuta hiyo ilikuwa imekwisha kuvumbua nyingine, Zika ikiwa miongoni mwake, mwaka 1947. Huko ndiko R. W. Ross alikoifanyia kazi damu ya wagonjwa wa Newala na mbu waliokamatwa katika nyumba zao. Aliingiza damu hiyo katika ubongo wa vitoto vya panya wanaonyonya, vikaugua. Akachukua ugonjwa huo akauhamisha kwa vingine, na vingine, hata akapata kirusi kilicho safi. Kisha akaonyesha kuwa damu ya waliopona ilikuwa na nguvu ya kukizuia kirusi hicho, na kuwa hakikuwa dengi. Taarifa yake ilitoka mwaka 1956, na jina la Newala limo katika kichwa chake.

Hapo ndipo kirusi cha Newala kilipoanza safari ya pili, ya kusafirishwa kwa barafu kutoka maabara hadi maabara. Mbegu moja iliyotokana na mgonjwa wa Tanganyika wa mwaka 1953, inayojulikana kwa alama ya S27, ikawa kipimo cha kulinganishia virusi vyote vya chikungunya vilivyopatikana baadaye, na mwaka 2002 mfuatano wake wa urithi ulisomwa wote, herufi 11,826. Chanjo zote za chikungunya ninazozieleza hapa chini zilijaribiwa, kwa njia moja au nyingine, kwa kulinganishwa na ujuzi uliotoka katika damu ile.

Jamaa wa karibu alitokea Uganda mwaka 1959, homa ya o'nyong-nyong, iliyoambukizwa na mbu wa malaria na kuwashika watu wapatao milioni mbili katika muda wa miaka mitatu. Jamaa wa mbali, ambaye si wa ukoo mmoja na chikungunya lakini alichunguzwa katika vyumba vile vile vya Entebbe, alikuwa wa kutisha zaidi. Wakati wa vita, mwaka 1944, askari wa Kisovieti huko Crimea walipatwa na homa ya kutokwa damu iliyoletwa na kupe. Mwaka 1956 kirusi kilitolewa katika damu ya mtoto mgonjwa huko Stanleyville, Kisangani ya leo. Na mwaka 1967 wataalamu wa Entebbe walieleza habari za wagonjwa wa homa hiyo ya Kongo, baadhi yao wakiwa watumishi wa maabara yenyewe. Miaka miwili baadaye Jordi Casals akathibitisha kuwa homa ya Crimea na homa ya Kongo ni kitu kimoja. Kupe wa ng'ombe na mbuzi huibeba, mchinjaji na mchungaji huipata kwa kuumwa au kwa kugusa damu ya mnyama, na muuguzi huipata kwa mgonjwa. Bulgaria ilianza mwaka 1974 kuwachanja watu wake kwa chanjo iliyotengenezwa kwa ubongo wa vitoto vya panya vilivyoambukizwa, kirusi kikauawa. Nchi nyingine hazikuikubali, na kwa muda mrefu haikupatikana badala yake.

Chanjo za askari, 1958 hadi 2000

Mwaka 1958 chikungunya ilitambuliwa Bangkok, na mwaka 1963 Calcutta, na mwaka uliofuata ikaingia kusini mwa Hindi. Hofu ya kuwa majeshi ya Marekani yaliyokuwa Asia yangeangushwa na homa isiyoua lakini inayomfanya askari ashindwe kushika bunduki ndiyo iliyofungua mfuko wa fedha. Na jambo hili lisifichwe, kwa kuwa historia ya chanjo za maradhi ya nchi zetu aghalabu huanza pale maradhi yanapomgusa mgeni.

Chanjo za kwanza zilitumia kirusi kilichouawa kwa formalini. Baadaye jeshi la Marekani lilichukua kirusi cha mgonjwa wa Thailand wa mwaka 1962, likakidhoofisha kwa kukipitisha tena na tena katika seli zilizooteshwa maabarani, na mwaka 1986 likatangaza chanjo hai iliyoonyesha matumaini makubwa. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalihusu watu 59 waliochanjwa: 98 katika kila 100 walipata kingamwili, lakini 8 katika kila 100 walipatwa na maumivu ya viungo kwa muda. Mradi ukafungwa. Ilipofika mwaka 2012 wataalamu waligundua kwamba udhaifu wote wa kirusi kile ulisimama juu ya mabadiliko mawili tu ya urithi, na mabadiliko mawili ni ukuta mwembamba, kwani kirusi kinaweza kuyafuta na kurudi katika ukali wake. Sababu ya kufungwa kwa mradi, hata hivyo, haikuwa elimu hiyo ambayo haikuwapo bado. Sababu ilikuwa kwamba maradhi yalikuwa yamenyamaza, na fedha nazo zikanyamaza.

Kutoka Lamu hadi Réunion, 2004 hadi 2014

Maradhi yaliamka Lamu. Mwaka 2004 mvua zilipungua sana pwani ya Kenya, na watu wa kisiwa kile wakawa wakiyaweka maji kwa wingi majumbani, katika mitungi, mapipa na mabirika, na kuyatunza kwa muda mrefu kuliko desturi. Hali ilikuwa ile ile ya Newala, isipokuwa hapa uhaba uliletwa na ukame wa mwaka mmoja, na kule uliletwa na ardhi yenyewe. Uchunguzi wa damu uliofanywa baada ya homa kupita ulionyesha kuwa robo tatu ya watu wa Lamu walikuwa wameambukizwa. Nani anayeifahamu Lamu, vichochoro vyake na nyumba zake zilizobanana, asiweze kuwaza jinsi mji ule ulivyokuwa katika majuma hayo?

Kabla ya mwaka kwisha homa ilikuwa Mombasa. Mwaka 2005 ilivuka hadi Ngazija, ambako watu 63 katika kila 100 waliambukizwa, na kabla ya mwaka huo kuisha ilikuwa Réunion. Kisiwa hicho ni cha Ufaransa, chenye watu wapatao 770,000 wakati huo, nao wapatao 266,000 waliugua. Huko ndiko ilikoonekana kwamba homa hii, iliyohesabiwa tangu 1952 kuwa haiui, huua wazee na wagonjwa wa muda mrefu na huwadhuru watoto wachanga wanaozaliwa na mama mwenye homa. Ilionekana pia kwamba kirusi kilikuwa kimebadilika herufi moja ya urithi wake, na kwa badiliko hilo kikapata wepesi wa kuenea kwa mbu mwingine, Aedes albopictus, anayevumilia baridi. Mwaka 2006 Hindi ikahesabu zaidi ya watu milioni 1.3 walioshukiwa kuugua, na mwaka 2007 vijiji viwili karibu na Ravenna, Italia, vikaugua katika kiangazi cha Ulaya. Mwishoni mwa 2013 homa ikashuka kisiwa cha Saint Martin, na katika muda wa mwaka mmoja ikaenea Amerika ya Kati na visiwa vyote vya jirani.

Maagizo badala ya kirusi, 1990 hadi 2021

Fedha zikarudi, na zilikuta elimu mpya ikizisubiri. Mwaka 1990 Jon Wolff na wenzake wa Wisconsin walidunga DNA tupu katika msuli wa panya, bila ya kirusi wala ganda lolote, wakaona msuli umeisoma na kutengeneza protini iliyoagizwa humo. Mwaka 1993 ikaonyeshwa kuwa panya aliyedungwa hivyo kwa maagizo ya protini ya kirusi cha mafua hukingika na mafua. Maana ya jambo hili ni kubwa. Chanjo za kale zilimletea mwili adui aliyeuawa au aliyedhoofishwa. Chanjo ya DNA huuletea mwili waraka wenye sura ya adui, na mwili wenyewe huichora sura hiyo ndani ya seli zake, ukaitambua, ukajiandaa. Waraka huo huandikwa juu ya plasmidi, pete ndogo ya DNA ambayo bakteria huizidisha kwa wingi na kwa gharama ndogo, nayo huvumilia joto kuliko chanjo nyingi.

Kwa homa ya kupe faida ilikuwa kubwa zaidi. Kirusi cha Crimea na Kongo hakiguswi ila katika maabara zenye ulinzi wa daraja la juu kabisa, ambazo duniani ni chache, kwa hiyo kukiotesha kwa mapipa ili kukiua na kufanya chanjo ni hatari na ni ghali. Bali maagizo ya protini zake hayana uhai wala madhara, na kiwanda cha kawaida chaweza kuyatengeneza. Watafiti wa jeshi la Marekani walitangaza mwaka 2006 chanjo ya DNA waliyoijaribu kwa panya, pamoja na chanjo za namna hiyo kwa homa nyingine tatu. Lakini panya wa kawaida hawaugui homa ya kupe, na mnyama asiyeugua hawezi kushuhudia kuwa amekingika. Ikabidi kungoja hadi walipopatikana panya waliopungukiwa na kinga ya asili, wanaokufa kwa kirusi hicho, ndipo mwaka 2017 vikundi viwili, kimoja cha Marekani na kimoja cha Uswidi, vikaonyesha kuwa chanjo ya DNA huwaokoa. Mwaka 2021 David Hawman na Heinz Feldmann wa Montana, pamoja na Ali Mirazimi wa Taasisi ya Karolinska, walitangaza kuwa kima waliochanjwa mara tatu walikingika walipoambukizwa kirusi chenyewe.

Upande wa chikungunya kazi ilikwenda sambamba. Huko Pennsylvania, kikundi cha Karuppiah Muthumani na David Weiner kililinganisha virusi vya nchi nyingi, kikatunga protini ya wastani isiyo ya kirusi kimoja bali inayofanana na vyote, na mwaka 2008 kikatangaza chanjo ya DNA iliyowaandaa panya; mwaka 2011 wakaonyesha kuwa huwakinga panya na hutoa kingamwili kwa nyani pia.

Kasoro ya njia hii ilijulikana mapema, nayo haikuondoka upesi. DNA ikidungwa katika mwili mkubwa, sehemu ndogo tu huingia katika seli, na ndani ya seli ni lazima ifike katika kiini ndipo isomwe. Panya mmoja hutosheka na kiasi kidogo, mtu hatosheki. Dawa yake ilikuwa kuupiga msuli mshituko mdogo wa umeme mara baada ya kudunga, ili kuta za seli zifunguke kwa muda, au kuisukuma DNA katika ngozi kwa mkondo wenye nguvu usio na sindano. Hivyo ndivyo Hindi ilivyofanya ilipoidhinisha, Agosti 2021, chanjo ya DNA ya kwanza duniani kwa wanadamu, dhidi ya UVIKO, kwa dozi tatu. Mtu anayeijua zahanati ya kijijini, yenye muuguzi mmoja na jokofu la mafuta ya taa au la jua, ataona mwenyewe kwamba chanjo inayovumilia joto ni neema, na kwamba chanjo inayodai chombo cha umeme na marudio matatu ni mzigo. Na mpaka sehemu ya pili itakapopunguzwa, sehemu ya kwanza haitamfikia mwenye haja.

Vibali vya 2023 na 2025

Mashindano ya chikungunya hayakushindwa na DNA iliyodungwa mkononi. Kampuni ya Valneva ilichukua kirusi cha Réunion, ikakata sehemu ya urithi wake ili kisiweze kuzaliana kwa nguvu, na Novemba 2023 Marekani ikakiidhinisha kuwa chanjo ya kwanza ya chikungunya, kwa jina la Ixchiq, dozi moja kwa watu wazima. Februari 2025 ikafuata ya pili, Vimkunya ya Bavarian Nordic, isiyo na kirusi hai bali yenye maganda matupu ya kirusi, kwa walio na umri wa miaka 12 na zaidi. Tena hapa DNA ilipata kazi yake kwa mlango wa nyuma: maagizo ya ganda huingizwa kwa plasmidi katika seli zinazooteshwa kiwandani, seli hutoa maganda, na maganda hayo husafishwa na kuwa chanjo. Kazi ambayo misuli ya watu isingeifanya vizuri ilifanywa na kiwanda.

Homa iliporudi Réunion mwaka 2025 na wazee wakachanjwa kwa Ixchiq, baadhi yao walipatwa na madhara makubwa, na vifo vikaripotiwa. Ulaya ilizuia kwa muda kuwachanja wazee, kisha ikaondoa kizuizi hicho kwa masharti. Marekani, Agosti 2025, ikasimamisha kibali. Yule aliyesoma habari za 1986 na 2000 hatashangaa, maana kirusi hai, hata kilichokatwa, bado ni kirusi. Mimi sioni katika hili sababu ya kuiogopa chanjo kwa jumla, bali naona sababu ya kutaka chanjo za namna mbalimbali, ili penye wazee wengi itumike isiyo hai, na penye tufani kali ya homa panapohitajika kinga ya haraka ya dozi moja kwa vijana, ipimwe faida yake na hatari yake papo hapo.

Masasi na Newala baada ya hayo

Vibali hivyo vyote vilitolewa kwa kutazama kiasi cha kingamwili katika damu, si kwa kuhesabu watu waliookoka na ugonjwa, kwa kuwa homa hii huja kama tufani, na haiwezekani kujua itatua wapi ili jaribio lipangwe mapema. Kwa hiyo watengenezaji walipewa sharti la kuthibitisha kinga hiyo baadaye, na uthibitisho wa namna hiyo hauwezi kupatikana ila katika nchi ambamo maradhi yamo. Walioandikiwa chanjo hizo mwanzoni, hata hivyo, walikuwa hasa wasafiri wa nchi tajiri.

Kwetu kikwazo cha kwanza ni kutoona. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008, juu ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, uligundua kuwa 528 waliandikiwa malaria, ilhali waliokuwa nayo kweli walikuwa 14 tu. Na miongoni mwa homa zilizojificha nyuma ya jina hilo chikungunya ilikuwamo. Ikiwa hali ilikuwa hivyo penye hospitali kubwa ya rufaa, ni rahisi kukisia jinsi ilivyo katika zahanati ya uwanda wa juu, ambako kipimo cha malaria kipo na cha chikungunya hakipo. Maji nayo yameboreshwa, kwa mradi wa Makonde unaoyasukuma kutoka mabondeni kwa mabomba, lakini bomba lisilotoa kila siku humfanya mtu ajaze mapipa mengi zaidi siku linapotoa, na pipa la plastiki humlea mbu yule yule aliyelelewa na mtungi.

Jaribio la chanjo litakapokuja kusini, jambo la kwanza litakalotakiwa kujulikana ni wangapi kati ya wakazi wa Masasi na Newala wanayo kingamwili tayari, kwa umri na kwa kijiji, kwa sababu aliyekwisha kuugua zamani hukingika kwa muda mrefu na hawezi kuhesabiwa katika faida ya chanjo. Kazi hiyo haihitaji maabara ya daraja la juu wala fedha za jeshi la nchi yoyote. Inahitaji damu kidogo kwa ridhaa ya wenye damu, jokofu, wataalamu wetu waliosomea kazi hiyo, na ahadi iliyoandikwa kabla ya sindano ya kwanza kudungwa, ya kwamba chanjo itakayothibitishwa kwa damu ya Newala itauzwa Newala kwa bei ambayo zahanati ya Newala inaiweza.